Dondoo muhimu: Likizo ya Msambweni mwakani

Watalii wengi sasa hawabaki kwenye hoteli za Diani tu. Wanawafuata wenyeji kwao. Anayepanga safari azingatie haya:

• Ukishuka treni Miritini, pitia barabara ya Dongo Kundu. Utaepuka foleni ya feri ya Likoni.

• Kijijini Gazi, tembea juu ya daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama wa kijiji, katikati ya mikoko. Ada wape wao wenyewe, si dalali wa ufuoni.

• Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2008, jifunge kaniki utakayopewa na usichume hata jani.

• Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, wengi hukosea kwenda Juni, kusi ikivuma na bahari ikichafuka. Ngoja kaskazi, Desemba hadi Machi. Chupa za plastiki za kutumika mara moja ziache: ni marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

• Usiwalishe mbega (kima) utakaokutana nao.