Kura Yako ni Sauti Yako

Watoto, huenda umekwisha kupeleka nyumbani barua ndogo ya direkta: "Wazazi, njooni mkutanoni." Wazazi wengine huja. Wengine husema, "Mimi nina kazi ya shamba, wenzangu watachagua." Leo tujifunze mkutano ule una faida gani.

1. Komite ya wazazi

Shule si ya direkta peke yake, wala si ya walimu. Ni ya watoto, na wazazi ndio wanaowasemea. Lakini wazazi 300 hawawezi kusema wote mara moja. Kwa hiyo huchagua wachache. Hao ndio komite ya wazazi. Katika Kongo yetu huitwa COPA. Wazazi wana mjumbe pia katika COGES, baraza linaloangalia fedha na mali ya shule. Mabati yakitoboka, choo kikijaa, madawati yakipungua, wajumbe huuliza: Tufanye nini? Na fedha zimekwenda wapi?

2. Namna ya kuchagua vizuri

Kwanza, wazazi wote waitwe mapema, baba na mama. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 wanaume tu walipiga kura katika nchi yetu. Leo mama ana kura moja sawasawa na baba.

Pili, majina ya wanaotaka kazi hiyo yasomwe mbele ya wote.

Tatu, kila mzazi aandike jina moja, akunje karatasi, aitie sandukuni. Kura ni siri, ili mtu asimwogope jirani wala mkubwa.

Nne, karatasi zifunguliwe mbele ya watu na kuhesabiwa kwa sauti. Mwenye kura nyingi ndiye aliyechaguliwa.

Tano, aliyeshindwa ampe mwenziwe mkono, na kazi ianze.

3. Tufanye hesabu

Shule ina wazazi 300. Mkutanoni wamekuja 40. Mmoja amepata kura 21, mwingine 19. Tazameni: watu 21 wamewachagulia watu 300! Wale 260 watanung'unika sokoni, lakini manung'uniko hayahesabiwi. Tena, kama mzazi mmoja tu angaligeuza kura yake, wawili wale wangalikuwa sawa, 20 kwa 20. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Beni na Butembo mwaka 2018

Wengine hukosa kura kwa uvivu. Wengine huikosa kwa kuzuiwa, na hao hujua thamani yake.

Tarehe 30 Desemba 2018 nchi yetu ilimchagua Rais. Siku nne kabla, Tume ya uchaguzi, yaani CENI, ilitangaza kwamba watu wa Beni na Butembo wangoje mpaka Machi 2019. Ilitaja sababu mbili: ugonjwa wa Ebola, na mashambulio ya watu wenye silaha. Hayo hayakuwa mchezo. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha mwezi wa Juni 2020. Lakini watu waliuliza: "Masoko ni wazi, makanisa yamejaa. Mbona kura tu ndiyo ikatazwe?" Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa.

Siku ile ya tarehe 30, watu wengi katika Beni walijipanga mstari kama siku ya uchaguzi. Walinawa mikono kwanza, kwa ajili ya Ebola. Kisha wakapiga kura zao wenyewe kwa karatasi. Walijua hazitahesabiwa Kinshasa. Walitaka tu kuonyesha kwamba wao pia ni raia.

Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019. Tarehe 31 Machi watu wa Beni na Butembo waliitwa kupiga kura, lakini kwa wabunge tu. Kiti cha Rais kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe. Tarehe 20 Desemba 2023 walimchagua Rais pamoja na wenzao. Mwaka ule, katika jimbo lile lile la Kivu ya Kaskazini, watu wa Masisi na Rutshuru ndio waliokosa, kwa sababu ya vita.

5. Na ninyi?

Katiba yetu ya mwaka 2006 yasema mpiga kura awe na miaka 18. Lakini kujifunza kwaanza leo. Mkichagua mkubwa wa darasa, usimchague kwa sababu ni ndugu yako, au kwa sababu amekupa kipande cha muwa. Muwa huisha kabla ya jioni. Mkubwa wa darasa hukaa mwaka mzima. Chagua anayesema kweli na kufanya kazi. Na barua ya direkta, usiisahau mfukoni: mpe mama au baba siku ile ile.

Maulizo

1. COPA ni nini? Kazi yake ni nini?
2. Kwa nini kura ni siri, lakini kuhesabu ni mbele ya wote?
3. Watu wa Beni walifanya nini tarehe 30 Desemba 2018? Kwa nini?
4. Hesabu: Wazazi ni 240. Waliokuja ni 60. Ni wangapi hawakuja?
5. Waulize wazazi wako: ni nani mjumbe wao katika komite ya shule yetu?