Ubavu wa Msafara: Kwa Sungusungu Wanaofuata Kwato Usiku

Ukiambiwa "huna ubavu", umeambiwa huna nguvu. Askari akitaja ubavu anamaanisha mahali kikosi kinapoumizika: pembeni, ambako macho na silaha havikuelekea. Pale Lukaya, Uganda, Machi 1979, Brigedi ya 201 ya JWTZ iliwakabili Walibya na askari wa Amin kwa mbele, huku ya 208 ikizunguka na kuwapiga ubavuni. Wakavunjika.

Bunduki zilizosambaa baada ya vita hiyo ya Tanzania na Amin zilichochea wizi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu wakazaliwa Usukumani na Unyamwezini. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Upinde tunao, filimbi tunazo, mwano, yowe la hatari, tunaupiga. Ubavu ndio tunaousahau, kwa kuwa kila mtu ameinamia alama za kwato za ng'ombe walioibwa.

Kabla hamjaondoka kuwafuata, tengeni watu wawili kila upande wawe walinzi wa ubavu. Mbugani kweupe wanaweza kwenda hatua 200 kutoka kwenu. Ndani ya ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, au mtama uliokomaa, wasizidi 30. Mmoja wao akipotea machoni na masikioni, hamna mlinzi tena. Mna kivuli gizani, na kivuli hupigwa mshale. Hilo naliogopa kuliko wezi wenyewe. Kubalianeni milio ya filimbi mapema: mmoja "nipo", miwili "simameni". Mwano uachwe kwa hatari ya kweli.

Waambieni pia kazi yao ni ipi. Kuna mlinzi wa kuona na kutoa taarifa tu, na kuna wa kumzuia adui hadi wenzake wajipange. Asiyeambiwa atakimbilia kupigana peke yake.

Mkifika kwenye korongo au kilima cha mawe, wawili watangulie, wakae hapo wakitazama nje hadi mtu wa mwisho apite, kisha wajiunge nyuma. Upande wa Geita, penye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa bila kufukiwa, walinzi wa pembeni warudi njiani. Shimo halina filimbi.

Mkimkuta mshukiwa, msimzunguke wote. Walinzi wa ubavu waendelee kutazama gizani, maana wenzake huenda wako huko. Naye msimpige: mfikisheni kwa mtendaji wa kijiji au polisi akiwa mzima.