Riwaya ya Mapenzi Inapogeuzwa Picha

Ndugu mwanachuo, riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu. Wapo wanachuo wanaodhani kuwa aliyekwisha kuitazama filamu hana haja tena ya kitabu. Watafundishaje kusoma, hali wao wenyewe wanakwepa kusoma?

Yasmin aliozwa mzee Raza pasipo mapenzi. Kitabuni, msimulizi hutueleza yaliyomo moyoni mwa binti huyo. Kamera hubaki na uso, sauti na ukimya. Basi isome kwanza sehemu anapomkimbia mumewe, uandike wewe ungeionyesha namna gani, ndipo uitazame filamu.

Riwaya hiyo si ya watoto wa shule ya msingi, lakini njia yawafaa. Uendapo Kunduchi kwa mazoezi ya kufundisha, televisheni haihitajiki. Kitabu kikisema mvuvi alisikitika, waulize wanafunzi: tutaonyeshaje bila kutamka neno? Mmoja ataukunja wavu mtupu taratibu. Mwingine (yupo katika kila darasa) atalia kwa kelele. Waache wabishane, kisha warudi kitabuni kuonyesha maneno yaliyowaongoza.