SOMO LA WIKI: Kuuziana bitcoin ana kwa ana Pemba

Mkulima wa Pemba anapopeleka karafuu ZSTC hupimiwa mbele ya macho yake na kupewa stakabadhi. Anayenunua bitcoin kwa mtu asiyemjua mjini Chake Chake hana mizani wala stakabadhi, na bitcoin ikishatumwa hairudi. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Wapo wanaoichukua kama hakikisho, lakini kodi haimlindi mnunuzi.

Mahali pa kukutana ni ndani ya ukumbi wa benki, mchana, ambako noti huhesabiwa kwa mashine na kuingizwa papo hapo kwenye akaunti ya muuzaji. Anayelipwa kwa simu aangalie salio lake mwenyewe, kwani ujumbe wa "umepokea" hughushiwa.

Mnunuzi naye asiridhike na kiasi anachokiona kwenye skrini. Muamala wa bitcoin huanza ukiwa unasubiri, na huthibitishwa unapoingia kwenye bloku, wastani wa dakika 10, wakati mwingine zaidi. Muuzaji anayedai anawahi boti Mkoani huenda ana sababu nyingine ya haraka. Dawa ni atume kwanza sehemu ndogo, mnunuzi ailipie hiyo tu ikishathibitishwa, ndipo waendelee na iliyobaki. Maneno 12 au 24 ya siri ya pochi hatajiwi mtu, hata anayejitolea "kusaidia" kuifungua.