Jua Jina la Kidonge Chako cha Sukari

Kwenye foleni ya kliniki ya kisukari, wagonjwa wengi hutaja dawa zao kwa umbo: kile kikubwa cheupe cha asubuhi na jioni, kile kidogo cha asubuhi tu. Umbo halitoshi. Kiwanda kikibadilika, kidonge nacho hubadilika rangi na ukubwa, na dawa ile ile huuzwa kwa majina tofauti ya biashara. Mtu aliyeandikiwa Daonil hospitali moja, kisha akapewa kwingine pakiti iliyoandikwa Glibenclamide, anaweza kumeza zote akidhani ni dawa mbili. Kumbe ni dawa moja, na amekunywa maradufu. Soma jina la dawa yenyewe, lile ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Liandike kwenye daftari lako la kliniki pamoja na miligramu zake. Macho yakiwa hayaoni vizuri, mwombe mjukuu au mfamasia akusomee.

Jina lina uzito kwa sababu vidonge vya sukari havifanyi kazi namna moja. Metformini hupunguza sukari inayotolewa na ini na kuusaidia mwili kuitumia insulini yake. Ikinywewa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi na ndugu zake, glimepiridi na gliklazidi, huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Anayemeza glibenklamaidi alfajiri kwa chai ya rangi tupu, akaenda shambani au kwenye kijiwe cha bodaboda akitarajia kula saa saba, anajiweka kwenye hatari. Dawa hii huendana na mlo: kama hakuna chakula, usiimeze. Na kama kula kwako hakuna uhakika, mweleze daktari wazi, bila aibu, maana ipo dawa inayokufaa zaidi.

Nguvu ya glibenklamaidi inaweza kukaa mwilini hadi saa 24. Kwa hiyo kidonge cha asubuhi kinaweza kumwangusha mtu usiku akiwa amelala. Wazee na wenye figo dhaifu ndio huumia zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri waliozidi miaka 60 wasipewe. Kama nyumbani una mzazi wa umri huo anayeitumia, mpeleke kliniki ukaulize kuhusu kubadilishiwa. Usimwachishe ghafla bila mbadala.

Sukari ikishuka, mwili hutoa taarifa: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Ikizidi kushuka, mtu huongea ovyo au kuwa mkali bila sababu, na wapita njia humdhania amelewa. Kipimo kikisoma chini ya 4, usisubiri. Kama huna kipimo, zitibu dalili kama zilivyo. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haitasaidia. Baada ya dakika 15 pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula kamili. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hata aliyezinduka, kama anatumia glibenklamaidi, aonwe na daktari, kwani sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Metformini ina usumbufu wake: kichefuchefu, tumbo kuunguruma, kuharisha, ladha ya chuma mdomoni. Wengi huiacha hapo. Inywe katikati ya mlo au mara baada ya kula, na mwombe daktari akuanzishie kwa kiasi kidogo. Kwa walio wengi usumbufu hupungua baada ya wiki chache. Vile vidonge vinavyoyeyuka polepole vimezwe vizima, visivunjwe wala kusagwa. Figo zipimwe walau mara moja kwa mwaka. Ukitapika au kuharisha sana hadi maji kupungua mwilini, simamisha metformini, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo, na uirudie utakapokuwa unakula na kunywa kawaida.

Ukisahau dozi, usiifidie kwa kumeza mbili pamoja.

Kila unapoandikiwa dawa nyingine, sema kwamba una kisukari. Dolutegraviri, iliyomo kwenye ARV zinazotumiwa na wengi siku hizi, huongeza metformini mwilini, hivyo kipimo huenda kikahitaji kupunguzwa. Septrini ikikutana na glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari mno. Kwinini ya malaria nayo huishusha. Rifampisini ya kifua kikuu hudhoofisha glibenklamaidi, na prednisoloni huipandisha sukari.

Dawa za mitishamba pia zitajwe kliniki, na nawasihi wahudumu wazisikilize bila kumkaripia mgonjwa, maana aliyekaripiwa hatasema tena. Hofu haiko kwenye mti peke yake. Mwaka 2008, huko Singapore, watu wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, na baadhi wakafa. Wengi walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume, na ndani yake ilikutwa glibenklamaidi. Chupa isiyo na maelezo inaweza kuwa na kidonge kile kile unachomeza nyumbani.

Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dozi huhamishiwa futari na daku, na mara nyingi ile ya daku hupunguzwa. Kuna ambao watashauriwa wasifunge kabisa. Wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, basi pima mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au imepita 16.6, fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi.