Matibabu ya Maskini Marekani: Nani Hulipa?

Wengi wetu hudhani kwamba maskini wa Marekani akiugua hulipiwa na Serikali ya Washington peke yake. Sivyo. Mpango uitwao Medicaid, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, huendeshwa na kila jimbo: jimbo huandikisha watu, hupanga malipo ya madaktari na hutoa fungu lake, Washington nayo hutoa la kwake. Jimbo la Arizona liliingia mwisho, mwaka 1982.

Fungu la Washington hufuata mapato ya watu wa jimbo. Majimbo tajiri hupewa nusu ya gharama. Mississippi, kwa umaskini wake, hupewa zaidi ya robo tatu. Hapa ndipo twataka mtazame sana. Mississippi ikitaka kuokoa dola moja yake, hukata matibabu ya dola nne na zaidi, maana zile za Washington nazo huondoka.

Sisi wenye mikarafuu twaujua msimu mbaya. Huko nako biashara ikianguka, kodi hupungua, na siku hizo hizo waliokosa kazi huja kuandikishwa. Mara nyingi jimbo hupunguza malipo ya madaktari, nao wengine hukataa wagonjwa wa Medicaid.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, Washington iliongeza fungu lake kwa 6.2 katika mia, kwa sharti jimbo lisimfute mtu daftarini. Sharti likaondoka mwisho wa Machi 2023. Mamilioni wakafutwa, wengi wao kwa upungufu wa karatasi tu.