JINSI YA KUSOMA DAFTARI LA SUMU

Mwaka jana chama chetu kilinipa kazi ya kuzungumza juu ya umeme wa makaa ya mawe. Niliifurahia, kwani shangazi yangu anakaa Lamu, na huko mtambo wa aina hiyo ulikuwa umepangwa kujengwa mpaka jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni yake ya mazingira mwezi wa Juni 2019. Kwa kuwa haukujengwa, takwimu ilinibidi nizitafute Marekani.

Kule, baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu mjini Bhopal, India, Desemba 1984, sheria ilipitishwa mwaka wa 1986. Viwanda viliamriwa viandike kila mwaka vimetoa sumu gani, kiasi gani, na imekwenda wapi: hewani, majini au ardhini. Raia yeyote anaweza kusoma.

Basi nikachora grafu yangu. Hadi 1997 mitambo ya umeme haimo kabisa. Mwaka wa 1998, lo, mlima! Nikasimama mbele ya wenzangu nikatangaza eti mwaka huo mitambo iliharibika. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Kijana, 1997 nani aliambiwa ahesabu?"

Nilikwama. Kumbe sheria ilianza na viwanda vya kutengeneza bidhaa. Mitambo ya makaa na mafuta iliingizwa mwaka wa 1998. Ule wa Kingston, jimbo la Tennessee, ulikamilika mwaka wa 1955. Moshi ulikuwapo miaka yote hiyo, hesabu ndiyo haikuwapo. Zebaki nayo ina mtego wake. Zamani mtambo uliripoti tu ukipitisha maelfu ya kilo; kuanzia mwaka wa 2000 kiwango kikashushwa hadi kama kilo 4 na nusu, na mitambo mingi iliyokuwa kimya ikaanza kuandika.

Tena kumbukeni, takwimu hizi huandikwa na mtambo wenyewe, na mara nyingi ni za kukadiria. Ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani! Hata hivyo afadhali kuwa nazo.

Sasa njooni kwenye safu ya "hewani". Mitambo ilipofunga vifaa vya kuosha moshi kwa maji ya chokaa, asidi ilipungua sana. Nilitaka kushangilia, lakini ngoja kwanza. Kinachonaswa kwenye dohani hakipotei. Aseniki na wenzake hubaki katika majivu na matope, nayo hurundikwa mahali. Pale Kingston, usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, ukuta wa bwawa la majivu ulipasuka. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 zikamwagika hadi Mto Emory na kwenye makazi ya watu. Anayesoma safu ya hewa peke yake hawezi kuliona lundo hilo likikua.

Grafu nimeichora upya, mistari mitatu, zebaki pembeni kwenye karatasi yake, ikianzia 2000. Likizo nilimwonyesha shangazi. Aliitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Na huu wetu ungejengwa, mwanangu, nani angeandika, nasi tungesomea wapi?"

Nilimwambia nitamtafutia jibu. Bado natafuta.